Binti Anafanya Kazi Gani Chumbani?

Kila asubuhi, saa mbili kamili, binti yake Fundi Seremala alijifungia chumbani na kompyuta. Alikuwa mwajiriwa wa kampuni ya maji. Kazi yake ilikuwa kujibu barua za wateja: huyu bomba limepasuka, yule mita imesimama. Zamani alikwenda ofisini. Mama yake alipovunjika mguu, binti aliomba kufanyia kazi nyumbani, akakubaliwa.

Fundi hakuridhika. Miaka thelathini alikuwa amesimama kwenye meza ya useremala, jasho likimtoka, maranda yamejaa kichwani. Kwake yeye, kazi ni kitu kinachoonekana. Huyu amekaa tu, ndala miguuni, anabonyeza vitufe. Siku moja alimsikia anacheka. Siku nyingine alichungulia kwenye tundu la ufunguo, akamkuta anatazama ukuta.

"Mke wangu," alinong'ona, "huyu mtoto anatuzuga."

"Si umuulize mwenyewe?"

"Kama anatudanganya, ataniambia?"

Akaamua kumpima. Alimwita ampe mama yake maji. Binti akaja. Alimwita amtafutie miwani. Akaja. Alimwita ainue godoro, kisha asome maandishi kwenye chupa ya dawa. Kila mara alikuja, na kila alipokuja, shaka ya Fundi ilizidi. Mtu mwenye kazi angeinuka kirahisi hivyo?

Kumbe hata ofisini walimshuku. Jumatano moja binti alitoka chumbani macho mekundu.

"Baba, wanasema nimezembea. Zamani nilijibu barua arobaini kwa siku. Sasa hazifiki ishirini na tano. Meneja anadhani nalala. Ameweka programu inayopiga picha kompyuta yangu kila dakika kumi. Nikitulia kufikiri, inaandika kwamba sipo. Sasa kutwa nahangaika nionekane nipo, barua zinalala. Nisipobadilika mwezi huu, wanatafuta mtu mwingine."

Nilijua tu, Fundi alisema moyoni. Lakini alipomwona binti anajifuta machozi kwa kiganja, hakufurahi hata kidogo.

Akamwendea jirani yake, aliyekuwa anaanika nguo uani. Mtaa mzima walimwita Bi Saa, maana hakuwahi kuchelewa popote. Kwa miaka mingi alikuwa amesimamia makarani wa kampuni ya usafirishaji, nusu yao wakifanyia kazi majumbani.

"Bi Saa, mtu akijifungia chumbani, nitajuaje kama anafanya kazi kweli? Huyu binti yangu mara anacheka, mara anatazama ukuta."

"Kesho chukua karatasi. Kila mara binti anapotoka, chora mstari. Andika na aliyemtoa."

Fundi aliona sasa atapata ushahidi. Kesho yake, hadi saa sita mchana, alikuwa na mistari kumi na mmoja. Akaipeleka mbiombio.

"Haya, nani kamtoa?" Bi Saa aliuliza.

Fundi akasoma. Muuza mboga, mara moja. Mgeni, mara moja. Kisha sauti ikamshuka. "Zilizobaki ni mimi."

Bi Saa hakucheka. "Ukiwa unapima mbao, mtu akikuita katikati, inakuwaje?"

"Nasahau kipimo. Naanza upya."

"Naye ni hivyo hivyo. Mteja kaandika kurasa mbili. Lazima azisome zote, afikiri, ndipo ajibu. Ukimwona anatazama ukuta, huenda ndiyo kwanza anapima."

"Na kile kicheko?"

"Anaongea na wenzake. Mwache aongee. Mtu akikaa peke yake wiki nzima, akili inachoka. Tena aombe siku moja ya kwenda ofisini." Bi Saa akabana nguo kwenye kamba. "Sikiliza, Fundi. Wapo wanaofanya kazi vizuri zaidi nyumbani, kwa sababu hawachoshwi na safari. Wapo wanaoshindwa, kwa sababu nyumba haiwaachi. Binti anahitaji sehemu tulivu na saa zinazojulikana. Na meneja ahesabu kazi iliyokwisha, si vitufe vilivyobonyezwa."

Jioni ile familia ilikaa pamoja. Fundi alisema, "Kuanzia saa mbili hadi saa kumi, mama yako nitamhudumia mimi." Akatoa makorokoro stoo, akatengeneza meza ya kimo cha binti, akaiweka humo awe anafanyia kazi. Binti akamwandikia meneja: kila asubuhi wazungumze dakika kumi, kila jioni atamtumia orodha ya barua alizomaliza, na kila Alhamisi ataingia ofisini.

"Tujaribu wiki mbili bila ile programu," meneja alijibu. "Lakini nitakuangalia."

Mwanzo haukuwa laini. Mara mbili Fundi alijisahau, akafungua mdomo kuita. Mkewe akamtolea jicho, akaufunga. Hata hivyo barua zilipanda: ishirini na tisa, thelathini na nne. Mwisho wa wiki ya pili zikafika arobaini na mbili. Meneja akapiga simu.

"Nilikushuku bure," alisema. "Endelea hivyo hivyo."

Siku hiyo saa kumi ilipita. Ikafika saa kumi na moja. Vitufe bado vinalia stoo. Fundi akaingiwa na shaka mpya. Akabisha hodi.

"Binti, zamu imekwisha. Mbona hutoki?"

"Namalizia moja tu, baba."

"Moja hiyo nimeisikia tangu saa kumi. Itakungoja kesho. Mama yako anakuulizia." Akasogea karibu na mlango. "Hata mimi."

Vitufe vikanyamaza. Mlango ukafunguka.