Uzito wa Kiunoni

Bastola ya tatu ilikuwa ndogo kuliko ya pili, na ya pili ndogo kuliko ya kwanza, lakini zote zilimlemea Msabaha kiunoni kwa uzito ule ule. Hilo ndilo lililoanza kumtia wasiwasi. Ya kwanza ilikuwa dude la chuma, mtu ungemsamehe akilalamika. Hii ya sasa ilienea kiganjani, na ukiishika mkononi haikuzidi uzito wa chungwa. Ila akishaichomeka ubavuni, chini ya koti, palepale penye mkanda, hatua yake ya kulia ilizama.

Wanaobeba silaha kwa siri hawakosi sababu za kuzibadilisha, na Msabaha alizitaja zote kwa yule jamaa aliyempatia. Ya kwanza aliirudisha kwa kuwa ilikuwa nzito. Ya pili aliirudisha kwa kuwa joto liliingia, makoti yakavuliwa, nayo ikawa inajichora chini ya shati. Jamaa alimcheka, akamwambia yeye ni kama bwana mwenye wake wengi, haridhiki. Msabaha naye akacheka kidogo ili asionekane mshamba.

Hakuwa jambazi. Alikuwa Mpemba wa watu, dereva wa teksi za kuitwa kwa simu huko Tottenham, London, mtu wa kuomba radhi hata akikanyagwa yeye. Lakini jioni moja ya mwaka 2003 abiria alimgusa kisogoni kwa mdomo wa bunduki, akamshusha kwenye gari lake mwenyewe na kumwacha kando ya barabara, mikono juu na suruali imelowa. Tangu hapo kila mlango wa nyuma ukifungwa moyo ulimpaa. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, walisema wazee, na laiti angebaki na woga wake. Alitafuta bastola, na mkewe Suad hakumwambia.

Siku aliyoileta ile ya kwanza nyumbani hapakuwa na mtu. Suad alikuwa kazini kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na Malak, binti yao wa pekee, alikuwa bado skuli. Ilikuwa Disemba, na mwezi huo huko London magharibi huingia kabla watoto hawajafika majumbani. Msabaha alikuwa chumbani anaijaribisha kwenye mkanda aliposikia mtu mlangoni.

"Hodi. Hodi, wenyewe."

Sauti ilikuwa ya mtu mzima, ya taratibu, yenye mvuto wa kwao Wete. Miaka yote waliyokaa ghorofa ile watu walibonyeza kengele, au waligonga kama askari. Hapakuwa na aliyepata kubisha hodi. Moyo ulimyeyuka. Kwao mtoto mdogo hufundishwa kwamba hodi ya magharibi haiitikiwi mpaka mbishaji aonekane uso, na Msabaha alilijua hilo kabla hajajua kuhesabu, lakini upweke wa ugenini una ulevi wake.

"Karibu," alisema kwa furaha. "Karibu ndani, bwana. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Alipofungua mlango hapakuwa na mtu. Ukumbi ulikuwa mtupu na lifti ilikuwa imesimama. Akafunga, na alipogeuka kurudi chumbani ndipo alipohisi kwa mara ya kwanza jinsi ubavu wake wa kulia ulivyokuwa mzito.

Baada ya hapo zikaja sauti. Nyumba nzima ilitandikwa zulia, ukuta hadi ukuta, lakini mtu aliyekuwa akipita ndani yake alisikika kama aliyevaa makubadhi juu ya sakafu ya saruji, akiyaburura bila haraka. Ikaja na harufu ya baruti iliyochanganyika na udi, ambayo Suad aliitafuta jikoni, akaitafuta kabatini, mwisho akasema labda ni majirani. Makubadhi yalianzia mlango wa mbele. Yalikomea kwenye chumba cha Malak.

Malak alikuwa na miaka saba, mzaliwa wa huko huko. Kiswahili alikielewa chote, ila ukimwambia "Njoo ule" atakujibu "In a minute, Mama." Wazazi walishakata tamaa naye. Basi mwaka ulipozunguka na baridi kurudi, Msabaha akiwa na bastola yake ya tatu, jioni moja Suad alimkuta mtoto amekaa kwenye zulia anamchana mwanasesere wake huku ananong'ona, akamuuliza anazungumza na nani, na yule mtoto ambaye hajawahi kukanyaga Pemba, wala kutamka kwa hiari hata neno moja la lugha ya mamaye, akajibu bila kuinua kichwa, kwa lafudhi ya mabibi waliokwisha kufa:

"Nazungumza na mgeni wa Baba. Miye nshamzoea."

Suad hakumwambia mumewe siku ile. Alijitia kufikiri kwamba mtoto kasikia kwenye simu za ndugu. Kesho yake alipokuwa akitandika kitanda cha Malak aliinua mto, na chini yake akaona sweta la mwanasesere limefungiwa kitu, akakifungua.

Msabaha alikuwa kwenye taa za barabarani simu ilipolia.

"Baba Malak," Suad alisema, sauti ya chini kabisa, "kuna bastola chini ya mto wa mtoto."

"Haiwezekani," alisema Msabaha, kabla hata hajakumbuka kukana. "Ninayo hapa."

Alipeleka mkono kiunoni. Uzito ulikuwepo, umemkalia ubavuni kama kawaida, mkanda umevutwa chini kwa nguvu zake zote. Alipapasa tena na tena, na magari ya nyuma yakaanza kumpigia honi. Bastola haikuwepo.

Alipofika nyumbani Suad hakupiga kelele. Heri angepiga. Alimfungulia mlango wa bafuni aliokuwa kaufunga kwa ndani, akarudi kuketi ukingoni mwa bafu, ile bastola ameifunika kwa taulo kama maiti ya mtoto.

"Hii ni yako?"

"Yangu. Ilikuwa ya kujilinda."

"Umetulinda." Akalivuta taulo likae sawa. "Malak anasema mgeni wako ndiye aliyempa aitunze. Anasema amemwambia ashike hivi na hivi. Ananionesha kwa mkono wake, Baba Malak. Anajua kidole kinakaa wapi."

Msabaha aliufunga mlango. Alimweleza yote, hodi na karibu yake, na zile bastola mbili za mwanzo.

"Basi kaitupe mtoni," Suad alisema.

"Ile ya pili nilipoirudisha nilikaa siku kadhaa bila chochote. Nilikuwa mzito vilevile. Ndizo siku zile Malak aliposhikwa na homa, na makubadhi yakawa hayatoki chumbani kwake."

Walimpigia Maalim Muhsin, aliyekuwa akifundisha watoto Kurani karibu na Edgware Road na kusomea watu wenye matatizo, bila kujitangaza. Alifika na mfuko wa ubani na chetezo kidogo. Alipofukiza tu, king'ora cha moshi kilianza kulia darini, na Suad ikabidi apande kiti na kukinyamazisha kwa mwiko, jambo ambalo siku nyingine wangelicheka. Maalim hakucheka. Alikuwa akimtazama Malak, aliyekwisha rudi mapajani mwa mamaye, kwa kuwa tangu moshi uanze kupanda mtoto alikuwa hapepesi macho.

Alisoma kwa muda mrefu. Nje kulikuwa kumeshaingia kiza, na madirisha ya ghorofa za mkabala yalikuwa na taa, watu wanapika, watu wanatazama televisheni, na hapa ndani harufu ya baruti ilipanda mpaka ikaufunika ubani, makubadhi yakasikika yakitoka chumbani, yakapita kati yao, Msabaha akahisi upepo wake kwenye magoti, yakasimama mbele ya mtoto, na mtoto akafungua kinywa akasema kwa sauti ile ile iliyobisha hodi mwaka uliopita:

"Miye sikuvamia, Maalim. Nlibisha nkakaribishwa."

"Umekaa sana," alisema Maalim. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe."

Malak akatabasamu. "Jembe kanipa. Kubwa lile la mwanzo nkamwambia zito. Akaniletea jengine, nkamwambia bado. Hili la tatu ndilo lilomwenea mwenyewe."

Aliinua mkono wake mdogo, akaukunja polepole, kidole kimoja kikabaki nje.

Msabaha alielewa. Kumbe zile sababu zote alizokuwa akizitoa, uzito na joto na shati jembamba, hazikuwa zake. Alikuwa amezungushwa mwaka mzima kama punda wa kinu, ikitafutwa silaha ya kuenea mkono wa binti yake, na yeye mwenyewe ndiye aliyekwenda kupima. Alitoa mlio ambao Suad hakupata kuusikia kwa mwanamume.

"Unataka nini?" Maalim aliuliza.

"Kulima."

Maalim alimvuta Msabaha jikoni. Alionekana mzee kuliko alivyoingia.

"Nisikilize. Aliyeingia kwa kuvunja, kisomo humtoa. Huyu kaingia kwa karibu ya mwenye nyumba. Mgeni wa namna hiyo hafukuzwi, Msabaha. Husindikizwa."

"Nimsindikize wapi?"

"Mbali na huyu mtoto. Na weye usirudi, kwani ukirudi utarudi naye. Na jambo moja ulishike kuliko yote: usimwoneshe kuwa umemchoka. Akijua kachokwa kwako, atarudi kwa anayempenda."

"Nani anampenda?"

Maalim alitazama sebuleni, Malak alipokuwa amelala kifuani mwa mamaye. 

Msabaha alifikiri. Kwenda Pemba hakuweza, nyumba za ndugu zake zilijaa watoto. Chumba cha kupanga kingekuwa na majirani wenye watoto. Alihitaji nyumba isiyo na mtoto hata mmoja, yenye milango ambayo mtu hajifungulii mwenyewe hata akipata kishawishi cha kurudi kwake. Alipoipata nyumba hiyo kichwani alikaa chini kwenye sakafu ya jikoni, akalia kimya kimya mpaka machozi yakamwisha.

Alimbusu Malak utosini. Suad alimshika mkono akashindwa kuuachia, ikabidi Maalim aufungue kidole kwa kidole. Kisha Msabaha akaichomeka ile bastola ubavuni, akasimama kizingitini, na kwa adabu ya mwenyeji mwema akasema:

"Twende, bwana. Nikusindikize."

Makubadhi yakamfuata. Mtoto alikuwa ameamka, akawapungia mkono, na macho yake hayakuwa kwa babaye, yalikuwa pembeni kidogo, upande wa kulia.

Alitembea kwa miguu barabara kuu yote, akipita maduka ya ndizi na viazi vikuu, akipita kanisa lililokuwa linaimba, mpaka kituo cha polisi. Hapo aliinua mikono kabla hajafika kaunta na akasema kwa Kiingereza cha polepole kwamba ana silaha chini ya koti na hataki kumdhuru mtu. Walimlaza kifudifudi. Waliichukua bastola, wakaitia kwenye mfuko wa plastiki, na Msabaha, shavu lake likiwa sakafuni, alishukuru, maana kiuno bado kilikuwa kizito, mgeni alikuwa naye.

Alifungwa miaka kadhaa. Hakimu alitaka kujua silaha ilikuwa ya nini, na yeye akarudia lile lile, ya kujilinda. Gerezani kila alfajiri, kabla ya kufumbua macho, alipeleka mkono ubavuni. Mzito. Alhamdulillahi, alisema, akamwamkia mgeni wake kwa upole, akamuuliza kama kalala salama. Alitembea akiburura mguu, mgongo ukampinda, na walinzi walidhani ni ugonjwa wa mifupa. Kwenye simu Suad alimwambia kwamba Malak hajambo, anakula, anacheza, amerudia Kiingereza chake na maneno yale hayakumbuki. Msabaha alikuwa akikata simu na kulia kwa furaha. Uzito ule ndio uliokuwa uhai wa binti yake, na yeye alikuwa tayari kuubeba mpaka kaburini.

Majira ya baridi ya mwaka wa pili walimletea mwenzake wa chumbani, Mkenya mmoja aitwaye Leonard, mtu wa Nakuru, mpole. Jioni ya kwanza Leonard alimtazama akihangaika kukaa kitandani, akimshusha mgeni wake kwanza halafu yeye, akasema kwa Kiswahili:

"Pole, mzee. Huo mguu unakutesa sana, eeh?"

Tangu aingie humo Msabaha hakuwa ameambiwa pole. Neno lile lilimpata pasipo na ngozi. Alijikuta anaitikia kwa kichwa, machozi yanamtoka, na kabla hajajizuia kinywa kikajibu chenyewe, kama mtu yeyote wa kwao anavyomjibu aliyempa pole.

"Nimechoka, ndugu yangu. Nimechoka sana."

Akajiziba kinywa kwa kiganja. Leonard aliendelea kumfariji, lakini Msabaha alikuwa amegandisha shingo anasikiliza. Hakusikia kitu. Alimwomba mgeni radhi kwa kunong'ona, akambembeleza, akamwita bwana, akamwambia yalikuwa maneno tu, hakuyakusudia. Alikesha hivyo mkono uko ubavuni, mpaka usingizi ukamwiba.

Alfajiri aliamka mwepesi. Mgongo ulikuwa umenyooka, mguu haukumuuma, na mkanda wa suruali ulimkaa kiunoni sawasawa pande zote mbili.

"Leo umeamka kijana, mzee," alisema Leonard kutoka kitandani kwake.

Msabaha alikuwa ameshafika mlangoni, anaupiga kwa viganja vyote viwili na kuomba simu, anaita jina la binti yake, na mlinzi wa zamu alifungua kitundu cha mlango akamwambia kwamba simu ni baada ya kifungua kinywa.