Taarif ya Uongo

Mzee Habib Benaouda alikutwa chini ya ngazi ya chuma ya duka lake la kuchapisha, shingo imevunjika, kiatu kimoja kimebaki kwenye kidato cha sita. Ilikuwa Jumatatu, saa mbili asubuhi, siku tatu kabla ya Novemba Mosi, sikukuu ya vita vya uhuru dhidi ya Wafaransa, na mji wa Oran ulikuwa umeshaanza kupambwa kwa bendera.

"Hakuteleza," daktari wa polisi alisema. "Ona kifua. Kasukumwa. Kama saa moja hivi iliyopita."

Juu ya kaunta kompyuta ilikuwa ikihangaika peke yake. Inawaka, skrini inageuka buluu, inazimika, inawaka tena. Hakuna aliyeijali.

Inspekta Zoubida Kerrouche alianza na kinyozi wa duka la pili, Miloud, aliyekuwa anatetemeka kwa hamu ya kusema.

"Mimi si mtu wa kusikiliza ya watu, Inspekta. Ila ukuta wetu mwembamba."

"Ukuta umesema nini?"

"Jana jioni mzee alimfokea mpwa wake, Nadhir, anayefanya kazi hapa. 'Taarif ya uongo! Nani kakutuma uweke taarif ya uongo dukani kwangu?' Wallahi, nilikata sikio la mteja."

Huko Oran taarif ni kile kitambulisho ambacho kila mtu anacho mfukoni. Duka la kuchapisha, kitambulisho cha uongo, mjomba mwenye hasira, mpwa mwenye ufunguo. Zoubida hakuhitaji zaidi. Nadhir alipojitetea kwamba taarif ile ilikuwa ya mashine, Zoubida alimkatiza: "Mashine ya kutengenezea vitambulisho, sivyo?" Redouane Sahli, mshirika wa mzee kwa miaka ishirini, alikuwa amekaa pale pale akifuta machozi. Alisema asubuhi hiyo alikuwa mji jirani wa Mostaganem kuchukua karatasi. Alitia sahihi maelezo yake akaondoka. Saa sita mchana Nadhir alikuwa mahabusu.

Sheria ilimpa Zoubida saa arobaini na nane. Jumatano saa sita, kijana angepelekwa kwa mwendesha mashtaka kwa kosa la kuua, na kutoka pale hadi gerezani ni korido moja tu.

Jumatano saa tatu asubuhi, mama yake Nadhir alikuwa bado kwenye benchi la kituo. Aliitwa Kheira, na marehemu alikuwa kaka yake wa tumbo moja. Zoubida alijaribu kupita haraka.

"Binti yangu, simama. Leo huniponyoki."

"Mama, nina kazi."

"Na mimi nina kazi. Nina maiti kwenye barafu sijamzika na mtoto korokoroni. Wanasema Jumapili mchana mwanangu alikuwa dukani anatengeneza uchafu wake. Jumapili mchana alinipeleka kwa daktari wa macho. Karatasi hii. Mhuri huu. Soma, wewe si umesoma?"

Karatasi ilionyesha saa sita na nusu hadi saa nane. Zoubida aliiweka mfukoni bila kujua itamsaidia nini. Alijua tu kwamba haikukaa vizuri, na tangu jana usingizi ulikuwa umemkataa.

Alishuka kwa Fethi, mtaalamu wa kompyuta wa kikosi cha uchunguzi. Alimkuta na mkate uliojazwa karantika ya dengu mkononi, makombo yamejaa kwenye kibodi, na ile kompyuta ya duka mbele yake ikiendelea na wazimu wake.

"Bado?"

"Nakala ya diski nimeshatoa, lakini faili za mzee zimefungwa kwa ufunguo wa akaunti yake. Nje ya mashine hii zinasomeka kama uji. Lazima aamke mwenyewe, na kila akiamka anaanguka."

"Nani kamfanya hivyo?"

"Taarif mbovu."

Zoubida alisimama wima. "Umesema nini?"

"Taarif. Ile programu ndogo inayoitambulisha mashine mpya kwa kompyuta. Unachomeka printa, unaweka taarif yake, wanajuana. Ukiweka isiyo yake, kompyuta inachanganyikiwa tangu inapofumbua macho. Kwani nyinyi huko juu mnaiitaje?"

Zoubida alikuwa anamsikia mzee Habib akifoka nyuma ya ukuta, na kila neno lilikuwa limegeuka. Nadhir alikuwa amemwambia ukweli tangu Jumatatu. Yeye ndiye aliyemziba mdomo. Aibu ilimpanda hadi masikioni.

"Iamshe, Fethi. Sasa hivi."

"Ninahitaji neno la siri la mzee."

Alipanda ngazi mbili mbili hadi mahabusu. Nadhir alimtazama kwa macho mekundu.

"Neno la siri la mjomba wako."

"Aziza. Jina la marehemu mkewe. Herufi ndogo."

Fethi aliandika. Ikakataa. Akaandika tena. Ikakataa.

"Anakudanganya," Fethi alisema.

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na robo. Zoubida alirudi juu, akarudi chini. Aziza, Nadhir aliapa, Aziza kwa haki ya mama yangu. Alizunguka chumba, akahamisha kiti kisichomzuia, akakirudisha.

"Kaa chini, Inspekta, unanitia kizunguzungu."

"Andika tena!"

"Mara ya tano? Hata mimi nina..." Fethi alinyamaza ghafla, akajipiga paji la uso. "Punda mimi! Punda wa kusomeshwa!"

"Nini?"

"Hiki chumba cha matengenezo cha kompyuta kiliniuliza ninatumia kibodi gani, nikakipita kwa haraka. Kinadhani kibodi yetu ni ya Waingereza. Yetu ni ya Wafaransa. Nikibonyeza A, chenyewe kinaona Q. Nikibonyeza Z, kinaona W. Sijaandika Aziza hata mara moja, nimeandika takataka! Na nyota zinaficha, sioni."

Aliandika upya, akibonyeza Q kila alipotaka A, na W kila alipotaka Z. Mlango ukafunguka. Akaing'oa ile taarif, akairudisha mashine katika hali yake ya Jumamosi, akaiwasha. Buluu haikuja. Ilikuja picha ya maua ya duka la mzee Habib, na Zoubida akajikuta ameshika bega la Fethi kwa nguvu.

"Nionyeshe iliwekwa lini."

"Jumapili, saa saba na dakika kumi mchana. Kutoka kwenye flashi. Taarif ya mashine kubwa ya mabango. Aliyeiweka aliingia kwa akaunti ya..." Fethi aliinama. "Redouane."

Saa saba na dakika kumi Nadhir alikuwa kwa daktari wa macho. Na Redouane alikuwa amekaa pale Jumatatu akimsikiliza inspekta akiligeuza neno vibaya, naye alijua maana yake, akanyamaza.

"Fungua faili za mzee."

Kulikuwa na kijitabu kimoja tu cha karibuni: mashujaa wa mtaa, cha kugawiwa watoto Alhamisi, siku ambayo shule mpya ingepewa jina la Larbi Sahli, shahidi aliyekufa akipigania uhuru, babake Redouane. Ndani yake kulikuwa na picha ya zamani. Zoubida aliitazama, akasema ichapishwe.

Redouane aliletwa saa tano na nusu, amevaa suti mpya ya sherehe ya kesho.

"Bwana Redouane, Jumapili uliweka nini kwenye kompyuta?"

"Mimi? Mambo ya mashine ni ya Nadhir."

"Mwaka jana taarif ya mashine ya mabango iliwasimamishia kazi siku tatu. Nadhir kaniambia. Ulikumbuka?"

"Yule kijana atasema lolote ajiokoe."

"Akaunti ni yako."

"Kila mtu anaitumia."

Zoubida aliiweka picha mezani. Kijana mwembamba mwenye sare ya jeshi la Wafaransa, bunduki mkononi, amesimama juu ya wanaume watatu waliofungwa kamba. Chini, kwa wino: Larbi Sahli, 1958.

"Haiwezekani," Redouane alisema. "Niliichoma."

Aliufunga mdomo, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

"Ulichoma karatasi," Zoubida alisema kwa upole. "Mzee alikuwa ameshaiingiza kwenye kompyuta. Niambie."

Yakaja yote kwa pamoja.

"Nilitaka kompyuta ilale siku nne tu, kijitabu kisichapwe. Alhamisi ipite, jina liwe ukutani, nani angeling'oa? Jumapili jioni alimlaumu Nadhir, nikashukuru. Jumatatu saa moja kasoro akanipigia. Nilikuwa Oran, sikuwa Mostaganem. Nikamkuta juu ya ngazi, picha mkononi. Nikamwambia, Habib, funika, baba amekufa. Akasema hawezi kuwaandikia watoto uongo. Inspekta, kwa miaka hamsini nimekuwa mtoto wa shahidi. Mama aliniambia hivyo, mwalimu aliniambia hivyo, nimeoa hivyo. Alhamisi niamke mtoto wa harki, mtoto wa msaliti? Nilimsukuma nimpokonye ile picha. Nilitaka picha tu."

"Na kijana ukamwacha aozee ndani."

Redouane aliinamisha kichwa. "Mzee alijua si yeye. Ndiyo sababu aliniita. Alisema, Nadhir hakuwepo saa saba kompyuta ilipoharibika, alikuwa na Kheira kwa daktari. Alisema, nimemwonea mtoto, akija nitambusu kichwa nimwombe radhi."

Saa sita kasoro dakika nane Zoubida alifungua mlango wa mahabusu mwenyewe. Nadhir alitoka na kamba za viatu mkononi, mama yake amemshikilia kiunoni kama atakimbia.

"Ulinieleza nikakataa kusikia," Zoubida alisema. "Nisamehe."

Siku mbili nzima Nadhir hakuwa amelia mbele ya polisi.

"Kitu kimoja tu, Inspekta. Maneno ya mwisho aliyoniambia mjomba ni kwamba mimi ni mwongo. Alikufa akiamini hivyo?"

Zoubida alimweleza, neno kwa neno, mpaka pale pa kubusu kichwa. Kijana akakaa chini sakafuni mwa korido, akalia kwa sauti, na hakuna askari aliyemwambia ainuke.