Siku Nilipomshusha Jukwaani Mpiga Gitaa wa Volkano

Nilimpokonya maikrofoni mtu aliyenifundisha kushika maikrofoni.

Ilikuwa ukumbi wa Themi, mjini Arusha, mwaka 1996, Jumapili saa kumi alasiri, mbele ya watu zaidi ya mia. Yeye kakaa kwenye kiti cha plastiki, gitaa mapajani, wimbo uko katikati.

Nikamgeukia mpiga ngoma. "Simamisha."

Kisha nikasoma ubeti huu. Niliutunga palepale, na kiburi changu chote kimo ndani yake:

Mlima umezimika, majivu yamebakia,
Kidole kimekauka, nyuzi zinamkimbia,
Simba amekuwa paka, maziwa asubiria,
Mzee wangu ondoka, gitaa laugulia.

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko. Watu wakagonga meza.

Mzee Abdulhalim hakufoka. Alichomoa waya wa gitaa, akauzungusha kutoka kiganjani hadi kiwikoni, taratibu, akafunga fundo. Ndipo akanitazama.

"Umemaliza, mwanangu?"

"Nimemaliza."

"Mizani zimetimia."

Akashuka jukwaani, akaenda zake.

Ndugu zangu wa humu, najua vidole vinawawasha kunitukana kwenye komenti. Subirini. Mkifika mwisho mtanitukana vizuri zaidi...

Volkano ilikuwa bendi ya vijana sita wa Arusha, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Walipiga roki, ila siyo ile ya kurukaruka. Gitaa linavutwa, linanguruma, linaelea kama moshi wa asubuhi kwenye migomba. Unasikiliza ukiwa umekaa, ukija kushtuka hujui umekaa muda gani.

Bendi ilikufa mapema. Kikabaki kitu kimoja tu, kanda iliyorekodiwa dansini mwaka 1973. Kanda ikazaa nakala, na nakala zikazaa nakala.

Mimi, Sifael, nilizaliwa mwaka huohuo. Mtoto wa Kimeru, wa Tengeru, shule niliishia la saba. Ushairi sikufundishwa na mtu. Niliusoma magazetini, nikawa nahesabu mizani kwa vidole huku kanda ya Volkano inazunguka. Kwa hiyo mtu akiniambia sijasoma, namwambia tutunge hapa hapa tuone.

Kila Jumapili wapenzi wa Volkano walikutana Themi kusikiliza kanda ile. Kiongozi wao alikuwa Ephraimu, mtunza stoo wa shamba la maua kule Usa River. Yeye ndiye alikuwa na nakala ya kwanza kabisa, iliyozaa zote. Aliiita Mama.

"Siku hizi hakuna muziki," Ephraimu alikuwa akisema, macho kayafumba. "Sikiliza upande wa pili. Kila wimbo unazama kuliko uliotangulia. Huu wa mwisho ni mtu anashuka ndani ya kreta. Nani leo anaweza hiyo?"

Hakuna aliyeweza. Hata mpiga gitaa mwenyewe.

Maana Abdulhalim alikuwa hai. Alikuwa Kaloleni, mjini hapo hapo, fundi wa cherehani. Waliwahi kumpelekea kanda, akasikiliza kidogo, akasema, "Kanda hii inaumwa." Wakacheka. Wakasema anauonea wivu ujana wake mwenyewe.

Mimi nilimfuata. Alinikaribisha kibarazani kwake, akanifundisha kusoma shairi mbele za watu.

"Hiyo maikrofoni usiimeze, siyo muwa," aliniambia. "Isogelee kama unamwambia mtu siri."

Miezi mitatu nilimbembeleza arudi jukwaani. Akakubali. Nikatamba mji mzima kwamba nawaletea Volkano yenyewe.

Siku ikafika. Akapiga... na kilichotoka kilikuwa chepesi, cha haraka, kama mvua juu ya mabati. Hakuna moshi wala kreta.

"Siyo hiyo," mtu akasema.

"Mzee, tupigie ile ya kwenye kanda," akasema Ephraimu.

"Hii ndiyo ya kwenye kanda."

Wakaanza kucheka. Kisha wakanigeukia mimi.

"Malenga, ndiye huyu uliyetuletea?"

Nilikuwa na njia mbili, nisimame na mzee au nisimame na vicheko. Nilichochagua mmeshakisoma.

Ndani ya wiki moja ubeti wangu ulikuwa umefika kila mahali. Watoto wa Kaloleni wakawa wanaukariri mzee akipita kwenda msikitini. Gitaa akalisukuma chini ya kitanda.

Hayo niliyasikia baadaye kwa binti yake, Maulida, aliyekuwa na kibanda cha kunakili kanda. Nilimfuata huko na nakala yangu mkononi. Siyo kuomba msamaha, jamani. Nilikwenda kuthibitisha kwamba nilikuwa sahihi. Nilivyokuwa mjinga...

Alinitazama kuanzia viatu.

"Umekuja kumalizia ubeti wa pili?"

"Nimekuja usikie mwenyewe. Baba yako wa kwenye kanda na baba yako wa leo ni watu wawili."

"Una uso mkavu, Sifael."

"Weka kanda, Maulida."

Akaiweka. Nusu dakika haikuisha, akaizima.

"Imevuta."

"Nini?"

"Kanda yako imevuta, inakwenda polepole. Wateja wananiletea za hivi kila siku, mwimbaji anaongea kama amelewa. Nani aliinakili ya kwanza?"

Kesho yake tukaenda Usa River.

"Shikamoo," tukamwamkia Ephraimu.

"Marahaba. Malenga, leo na binti wa adui?"

 Maulida akamwuliza ile kanda ya Mama ilipatikanaje. Ephraimu aling'aa. Hiyo ndiyo hadithi aliyoipenda kuliko zote.

"Mwaka themanini na mbili, wanangu. Madukani hakuna sabuni, hakuna kiberiti, seuze betri. Kanda ya asili nimeazimwa siku moja tu na dereva wa bendi. Mashine ya kurekodia ninayo ya jirani, ya umeme. Lakini ya kuichezea ile ya asili ni redio yangu ya betri, na betri zenyewe nakaa nazo tangu Krismasi."

"Ukafanyaje?"

"Nikazianika juu ya bati mchana kutwa. Jua la kiangazi lile! Zikapata nguvu kidogo. Kufika upande wa pili naona zinazidi kuchoka. Nikazitoa, nikaziuma kwa meno, nikazirudisha. Zikajikongoja hadi mwisho. Nyie watoto wa enzi ya ruksa ya biashara hamwezi kuelewa. Leo betri mnazikuta hadi kwenye genge la nyanya."

"Na ile ya asili iko wapi?"

"Ilitafunwa na redio ya dereva mwezi uleule."

Maulida alianza kucheka. Alicheka hadi machozi, na hayakuwa ya furaha.

 Kumbe betri zilizochoka ziliizungusha kanda ya asili polepole, na mashine ya umeme ikaunakili ule uchovu wote kama ulivyo. Ndiyo maana kila wimbo ulizama kuliko uliotangulia. Kile tulichokiita moshi, tulichokiita kreta, zilikuwa ni betri za kuanika zinakata roho.

Miaka kumi na minne watu walimdharau mtu mzima kwa sababu hawezi kupiga kama betri mbovu. Na mimi nikaitia dharau hiyo vina na mizani.

"Unacheka nini?" Ephraimu akauliza.

Tukaaga.

Tuliporudi kibandani, Maulida alifungua mashine yake ya kuchezea kanda. Nyuma ya mota kuna tundu dogo, na ndani yake kuna skrubu ya kuongeza na kupunguza mwendo. Akashika bisibisi ndogo, akaweka kanda yangu, akaanza kuimba kwa pua ule wimbo wa kwanza. Aliusikia nyumbani kwao maisha yake yote. Huku anaimba, huku anazungusha skrubu, hadi kanda ikafika kwenye sauti yake, vikawa kitu kimoja.

Chepesi, cha haraka. Mvua juu ya mabati, mlio kwa mlio, kama alivyopiga siku ile Themi.

Nikakaa chini.

Kila betri zilipozidi kuchoka, Maulida alizidi kuzungusha. Mashine ya pili inarekodi. Wimbo wa tatu ulipokwisha kuna mtu anazungumza na wachezaji. Siku zote tulijua ni mwanamume mmoja mnene, sauti nzito, maneno hayasikiki vizuri. Sasa ikatoka sauti ya msichana, inacheka:

"Haya jamani, msikanyagane. Na aliyebeba viatu vyangu anirudishie, nitakwendaje nyumbani?"

Maulida akaniuliza, "Ni nani huyu?"

"Sijui."

Tukaipeleka kwa baba yake. Alikuwa anatia mafuta cherehani ya mtu. Mimi hakunitazama, na salamu yangu aliijibu kwa kuwa ni lazima.

Kanda ikaanza. Aliendelea na mafuta yake, ila mguu ulishaanza kugonga sakafu. Ikafika ile sauti.

Mguu ukasimama.

"Rudisha," akasema.

Maulida akarudisha.

"Rudisha tena."

"Baba, ni nani?"

"Nusura."

Maulida alifiwa na mama yake akiwa na miaka minne. Hakuwahi kujua sauti yake ilikuwaje.

"Alikuwa anakata tiketi mlangoni," mzee akasema. "Kila dansi lazima apoteze viatu."

Kanda ikaendelea hadi upande ule ulipokwisha. Ndipo nikasogea.

"Mzee, nisamehe."

"Kwa lipi?"

"Kwa ule ubeti."

"Ubeti ulikuwa mzuri. Ulikosea mtu tu."

"Jumapili nitakwenda Themi nikakusafishe."

"Kwani mimi mchafu?"

 

Jumapili nilikwenda. Nilibeba mashine ya Maulida na kanda iliyonyooshwa mwendo, nikawaeleza kila kitu, betri, bati, meno. Kisha nikaiweka wasikie.

Kabla wimbo wa pili haujaisha Ephraimu alikuwa amesimama.

"Zima hiyo takataka."

"Mzee Ephraimu, hivi ndivyo walivyopiga."

"Mmeichezea. Inakimbia kama katuni. Usinifundishe, mimi nilikuwepo ukumbini mwaka sabini na tatu."

"Basi unakumbuka walivyopiga."

"Nakumbuka vizuri sana," akasema, na hakuwa anatania. "Walipiga kama ilivyo kwenye kanda yangu."

Ukumbi mzima ukampigia makofi. Watu kumi waliokuwepo siku ile ya mwaka 1973, wote wanaapa. Masikio yao wenyewe yalishafutwa, yakarekodiwa upya na betri za Ephraimu!

Nikatoa karatasi. Nilikuwa nimetunga beti sita za kumsafisha mzee, vina vimekaa, mizani zimekaa, siku mbili sikulala. Sikumaliza mstari wa kwanza.

"Soma ile ya paka!" mmoja akapaza sauti.

"Ya paka, malenga!"

Wakaanza kuisoma wenyewe, wote kwa pamoja, wanagonga meza. Mlima umezimika... Hakuna aliyekosea hata neno moja. Nimetunga mashairi mengi maishani, lakini lililokaa vichwani mwa watu ni lile moja ninalolionea aibu.

Nilirudi Kaloleni nimevimba kwa hasira, nikamsimulia mzee. Aliichukua kanda iliyonyooshwa, akavunja vile vijino viwili vya nyuma kwa bisibisi, ili mtu asije akarekodia kitu kingine juu yake.

"Waachie yao," akasema. "Hii ni ya kwangu."

"Na gitaa, mzee? Utapiga tena?"

"Nimpigie nani?"

Hakupiga tena jukwaani hadi alipofariki, mwaka 2004. Siku ile redio moja ilimkumbuka kwa heshima kubwa. Ikapiga ile ya Ephraimu, na mtangazaji akasema hakuna kidole kilichowahi kuvuta gitaa polepole namna ile.

Mtaniuliza kwa nini nasimulia leo. Ni kwa sababu wiki hii kuna mtu kaipandisha kanda ile mtandaoni. Maelfu wameshaisambaza. "Zamani palikuwa na muziki." "Vijana wa leo hamwezi." Nimesoma hadi macho yakauma.

Somo langu ni fupi. Ukizoea nakala, siku asili itakapokuja utaiita feki. Na kabla hujamcheka mtu kwamba ameisha, uliza kwanza kipimo chako ulikitoa wapi. Mimi nilikitoa kwenye betri zilizoumwa na meno.

Maulida naye ameiona. Sasa ana wajukuu wawili. Ameandika komenti moja tu pale chini, kwa adabu kabisa: "Dakika ya kumi na nne, huyo anayeongea siyo mwanaume. Ni mama yangu."

Hadi naandika hapa amepata jibu moja, kutoka kwa kijana asiyemjua.

"Dada, acha kutafuta kiki."