Msalaba Mweupe wa Mama Tshibola

Kila mwaka, mvua zikikaribia, Mama Tshibola alikoroga saruji kidogo kwenye sufuria kuukuu, akaziba ufa wa chumba cha kulala. Ufa ulianza chini ya dirisha na kupanda mpaka kwenye bati. Aliuziba, ukafunguka. Aliuziba tena.

"Mama Darlène, ule ukuta unakuzoea sasa," mumewe, Tata Ngeleka, alimtania, akimwita kwa jina la binti yao.

"Acha unizoee. Mi hapa sitoki."

Hakuwa anatania. Mwaka 1993, akiwa na miaka tisa, familia yake ilifukuzwa Kolwezi, kusini mwa Kongo, kwa sababu asili yao ni mkoa wa Kasai. Walilala wiki tatu kando ya reli wakisubiri treni. Mdogo wake alizikwa hukohuko. Alipokua alirudi, akaolewa, na yeye na mumewe wakajenga Musonoi, karibu na mashimo makubwa ya shaba. Aliapa kwamba hatafukuzwa mara ya pili.

Jumanne moja alirudi kutoka sokoni, akakuta msalaba mweupe wa turubai umetandikwa katikati ya kiwanja chake. Mwaka uliotangulia, nyumba za mtaa wa jirani zilipakwa misalaba myekundu ukutani. Baada ya mwezi zikabomolewa kupisha mgodi. Nani asingeogopa?

"Nani ametia hii kitu?" aliuliza.

"Mutoto mwanamuke moja wa biro, kule banachora ramani," alijibu Tata Ngeleka. "Jina yake Elise Mbuyu. Kesho ndeke itapita kupima udongo."

"Na we ulikubali?"

"Aliomba muzuri."

Asubuhi, mumewe alipokwenda kazini, Mama Tshibola aling'oa misumari ya turubai. Alilikokota hatua hamsini, akalitandika kwenye kiwanja kitupu nyuma ya kanisa. Kisha akarudi kusonga bukari, ugali wa mchana. Saa nne ndege ndogo ilipita chini chini. Ilikwenda na kurudi, ikaenda na kurudi, kama mtu anayelima matuta.

Baada ya wiki mbili Elise alikuja. Alikuwa msichana mwembamba wa mji wa Lubudi, viatu vimejaa vumbi, kompyuta begani. Hakufoka.

"Mama, kuko kitu inanishinda. Ule musalaba niliupima hapa mi mwenyewe. Lakini ndeke iliuona nyuma ya kanisa."

Mama Tshibola hakuwa na pa kujificha. "Ni mi niliutosha hapa, nikaupeleka kule. Nilizani munakuya kutufukuza."

Elise akavuta kigoda, akaketi. "Pole, mama. Kosa ni yetu. Ilifaa tungoje urudi sokoni, tukuelezee."

Akaanza kueleza polepole. "Ile ndeke inabeba mashini ya leza. Inatupa mwangaza chini, mara maelfu mingi kwa segonde moja. Mwangaza unagonga udongo, unarudia. Mashini inapima wakati mwangaza unatumia kwenda na kurudia, njo vile inajua udongo uko mbali namna gani. Tunajua musalaba uko wapi, njo vile unatuonyesha kama ramani haidanganye."

"Na miti? Haifunike udongo?"

"Mwangaza ingine inapita katikati ya majani, inafika chini. Nyuma ya pale, kompyuta inatosha miti na manyumba, inafuta yote. Inabakia udongo tu."

Akafungua kompyuta. Mama Tshibola akashika mdomo kwa mshangao. Aliona Musonoi ikiwa tupu, kama kichwa kilichonyolewa. Mashimo yalionekana, na njia, na hata matuta ya shamba la mihogo. Hakuwahi kuona kazi nzuri kama ile. Katikati palikuwa na mstari mrefu, upande mmoja ukiwa chini kidogo kuliko wa pili kama kipandio cha ngazi, ambao hakuwahi kuuona kwa macho yake.

"Na hii?"

"Pengine ni fay, ufa wa chini ya udongo," alisema Elise. "Jiwe ya chini lilipasuka zamani sana, upande moja ukashuka. Pale udongo uko mulegevu, na maji ya mvua inaingia. Lakini ramani peke yake haitoshe kujua. Ile mustari inaweza kuwa ni barabara ya zamani. Inaomba kutembea na kuchimba."

Mama Tshibola alifuata mstari kwa kidole. Ulipita kona ya kanisa, ukapita kwa jirani yake Valérie, ukaingia kwake. Akasimama ghafla.

"Kuya uone."

Alimwonyesha ufa wa chumbani. Alimpeleka kwa Valérie, napo palikuwa na ufa. Ukuta wa kanisa pia ulikuwa nao. Nyufa zote zilikuwa kwenye mstari uleule. Elise aliandika kila kitu.

"Miaka yote hii ulikuwa unaipima, mama," alisema. "Unanishinda mi na ndeke yangu."

Wiki iliyofuata wafanyakazi walichimba mtaro mrefu. Upande mmoja walikuta mwamba mgumu. Katikati walikuta udongo uliosagika kama unga. Ilikuwa kweli: fay ilipita chini ya chumba chake.

"Sasa niende wapi?" Mama Tshibola aliuliza. "Kasai tena?"

"Hapana, mama. Pale." Elise alionyesha mwisho wa kiwanja, penye mpapai. "Hatua makumi mbili na tano tu. Tumepima, pale udongo uko muzima."

Mama Tshibola alilia, kisha akacheka. Wakajenga upya kabla ya mvua. Valérie naye akahamisha nyumba yake.

Mwezi wa pili mvua ilinyesha siku nne mfululizo. Siku ya tano, mahali pa chumba cha zamani, ardhi ilikuwa imezama urefu wa mtu. Hapo ndipo kitanda cha Darlène kilikuwa. Mama Tshibola alimkumbatia binti yake.

Kiangazi kilipofika, ndege ilikuja tena. Safari hii Mama Tshibola alitandika msalaba kwa mikono yake, akausimamia na ufagio, akifukuza kuku. Jirani mgeni, Tata Henri, alikuja mbio.

"Mama, tosha ile kitu! Batatufukuza!"

"Usiguse, tata. Banapima udongo, habafukuze batu."

"Unajua namna gani?"

"Kuya nikuonyeshe."

Akampitisha kando ya ardhi iliyozama, akamwingiza chumba cha kulala cha nyumba mpya, akamsimamisha mbele ya ukuta ulio chini ya dirisha. Haukuwa na ufa hata mmoja.