Waliotoka: Kumi na Mmoja

Yaliyomkuta Ziada Likwata yanasimuliwa Kilwa kwa namna tatu nne, na kila namna ina moshi mwingi kuliko mwenzake. Hapakuwa na moshi. Hilo tulishike tangu mwanzo.

Ilikuwa Jumatano ya kawaida, joto la Februari, chai ya rangi mezani na vipande viwili vya mhogo wa kukaanga juu ya gazeti. Ziada alikuwa mtunza kumbukumbu wa hospitali moja ndogo kando ya barabara ya kwenda Lindi. Shahada yake ya chuo kikuu ilikuwa imetundikwa Miteja kwa mama yake, jirani na kalenda ya duka la pembejeo. Saa nne hivi, Optatus, katibu wa hospitali, akaingia bila hodi.

"Da Ziada, wakaguzi wa moto wanakuja keshokutwa. Faili la usalama lipo?"

"Jalada lipo."

"Ndani?"

"Ndani kuna barua ya kuomba jalada."

Optatus hakucheka. "Basi pika, dada yangu. Miaka miwili tu. Wewe ndiye msomi wetu."

Kupika kumbukumbu kuna ufundi wake. Ziada hakujidanganya kuhusu anachokifanya. Ila alichukia kazi mbovu kuliko alivyochukia uongo, kwa hiyo akaifanya vizuri. Alitumia kalamu tatu tofauti. Karatasi nyingine alizikunja pembe, nyingine akazidondoshea chai, nyingine akazianika dirishani mpaka zikapauka. Akaandika kwamba mitungi sita ya kuzimia moto imekaguliwa kila mwezi na yote ni mizima. Kumbe miwili ilikuwa mitupu, na mmoja kazi yake ilikuwa kuzuia mlango wa stoo usijifunge. Akaandika mazoezi manane ya kuwatoa wagonjwa nje, moja kila robo mwaka, na saini za wauguzi ambao wengine walishahamia Nyangamara na kusahau kama waliwahi kufanya kazi hapo.

Likabaki jambo moja. Faili lisilo na doa hunuka. Mkaguzi mzoefu hulishuku kabla hajakaa. Kwa hiyo katika zoezi la mwisho, la wodi ya wazazi, Ziada akapachika kasoro moja ya kuaminisha. Waliokuwamo: kumi na wawili. Waliotoka: kumi na mmoja. Aliyebaki: kitanda namba 6.

Akaisoma tena. Ikampendeza.

Alhamisi mchana mdogo wake, Esha, akaletwa kwa bajaji kutoka Miteja, uchungu umegoma tangu usiku. Mimba mbili zilishamharibikia. Hii ya tatu familia nzima iliibeba pamoja naye. Dokta Gregori akampasua, akatoa mtoto wa kike mwenye sauti ya kuita watu shambani. Alasiri Ziada akaingia wodini na uji, akamkuta mdogo wake amelala, mtoto ubavuni. Akainama kumbusu. Kichwani pa kitanda, kwa rangi nyekundu iliyobanduka, ilikuwa imeandikwa 6.

"Mbona umekunja uso, dada?" Esha akamwuliza. "Mtoto mbaya?"

"Mtoto mzuri. Kafanana na mimi."

"Basi Mungu amsaidie."

Ziada akacheka, kisha akamwomba Kadija, muuguzi wa zamu, amhamishie mdogo wake kitanda cha tisa. Kule kuna upepo, akasema.

"Nyie watu wa ofisini mna visa," Kadija akanung'unika, lakini akamhamisha.

Ziada akarudi ofisini kuibadili ile karatasi, japo alijiona mjinga. Akafungua faili.

Aliyebaki: kitanda namba 9.

Mwandiko ulikuwa wake. Hata ile tisa ilikuwa yake, yenye mkia uliopinda. Na doa la chai lilikuwa limekaa juu ya wino, limekauka zamani.

Akaichana. Akaandika nyingine: waliokuwamo kumi na wawili, waliotoka kumi na wawili. Akafunga kabati, akaondoka na ufunguo, ambao ulikuwa mmoja tu. Ijumaa asubuhi akafungua. Karatasi aliyoichana ilikuwa mahali pake, nzima. Kumi na mmoja. Tisa. Ile mpya haikuwapo.

Mkaguzi aliyekuja alikuwa mzee mnene, mpole, jina lake Sixbert. Alilisoma faili lile kama mtu anayekula embe, taratibu, bila kuacha kitu.

"Kusema kweli, sijaona faili zuri kama hili tangu nianze safari hii," akasema. "Mwongo haandiki mapungufu. Nyie mmeyaandika."

"Nimelipika," Ziada akasema.

Optatus akacheka upesi. "Mzee wangu, mdogo wake kalazwa. Dada hajalala."

"Nimelipika juzi, kwa mkono wangu. Hakuna zoezi lililowahi kufanyika hapa. Naomba muwatoe watu wodini, mfunge."

Sixbert akavua miwani. Akamtazama kwa huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko hasira.

"Binti, tubishane ya nini? Tufanye zoezi sasa hivi. Wodi hiyohiyo. Tutajua."

Ziada akafungua mdomo kukataa. Halafu akawaza: leo nako wodini wamo kumi na wawili; wakitoka wote, karatasi itakuwa imedanganya. Na karatasi za hospitali hii zilidanganya kila siku. Akamfuata Kadija mlangoni, akamnong'oneza, "Esha awe karibu yako. Asikupotee."

"Hanipotei."

Mtunza kumbukumbu husimama nje na orodha. Ndivyo alivyoandika mwenyewe.

Saa sita kasoro. Jua la utosini. Mlinzi akagonga rimu ya gari iliyoning'inia kwenye mkorosho, mara tatu.

Wakaanza kutoka. Wa kwanza, kwenye kiti cha magurudumu. Wa pili. Wa tatu na wa nne, wameshikana. Mmoja anacheka. Mmoja analalamika mshono. Ziada alikuwa akitia alama. Saba. Nane. Tisa. Wa kumi.

Wa kumi na mmoja.

Kadija akatoka nyuma yao, mtoto wa Esha mikononi. Akavuta mlango. Ukafungika.

"Wote?" Sixbert akauliza.

"Wote. Wodi nyeupe, haina mtu."

"Esha yuko wapi?" Ziada akauliza.

"Si huyu hapa." Kadija akageuka.

Nyuma yake palikuwa na mlango.

"Alikuwa hapa," Kadija akanong'ona. "Kanishika nguo tangu kitandani. Nilikuwa namsikia anahema."

Wakaingia. Madirisha wazi. Mapazia yanacheza. Hakuna moto, hakuna harufu, hata ya kiberiti. Esha alikuwa amelala kitanda cha tisa, shuka hadi kidevuni, limetandikwa vizuri. Macho wazi. Dokta Gregori akachukua pamba, akampangusa puani.

Pamba ikatoka nyeusi.

Akampangusa mdomoni. Nyeusi. Akaikunja haraka, akaitia mfukoni mwa koti, akaangalia kama kuna aliyeona. Walikuwa wameona wote.

Kwenye cheti cha kifo daktari aliandika donge la damu mapafuni. Sixbert alijaza fomu yake mwenyewe, kwa kalamu yake mwenyewe, bila kuinua uso: kumi na wawili, kumi na mmoja. Akasaini. Akamwomba Optatus maji ya kunywa, akayaacha bila kuyagusa.

Alasiri, gari la kumrudisha Esha Miteja likiwa linasubiri, Ziada alikaa barazani. Hakuwa na wa kumlaumu. Alitafuta, hakuwa naye. Kadija akaja, akamwekea mtoto mapajani.

"Sikumwacha, da Ziada. Wallahi. Yeye ndiye alinishika, tena kwa nguvu. Mpaka pale mlangoni."

Ziada akamkumbatia mtoto. Kadija akageuka kwenda zake.

Mgongoni mwake, kwenye gauni jeupe la kazi, juu kidogo ya kiuno, palikuwa na vidole vitano vya masizi, vimekikunja kitambaa. Chini yake mistari mitano, mirefu, ikishuka mpaka kwenye pindo.