Wawili Katika Kila Kumi

Wiki ile nyumba ya Bi Mwanakhamis, nyuma ya barabara ya Ndia Kuu, haikuwa na pa kutia mguu. Harusi ya mpwawe ilikuwa Alhamisi. Wanawake wanachambua mchele, wanasengenya, wanacheka. Binti yake, Mwanaesha, yuko ngazini na daftari. Anaandika, anafuta. Anainuka, anakaa tena.

"Tulia, mwanangu! Utaitoboa ngazi hiyo."

Atatuliaje? Jumatatu ni mtihani wa kuingia mafunzo ya uuguzi. Mwaka jana, 1946, alianguka kwa hesabu za asilimia. Na aliyeanguka mara mbili hapokelewi tena.

Akaingia Loise, jirani yao, muuguzi.

"Shikamoo, Bi Mwanakhamis."

"Marahaba. Tafuta pa kukaa, kama utapaona. Hebu mwangalie mwenzio huyu, tangu asubuhi hajatia kitu tumboni."

Loise akachukua daftari, akasoma swali: "Shule ina wanafunzi 240. Siku ya mvua, asilimia 20 hawakuja. Walikuja wangapi?" Mwanaesha alikuwa ameandika 220.

"Umepataje?"

"240, toa 20."

"Hapo ndipo unapoanguka. Asilimia 20 si watu ishirini. Ni ishirini katika kila mia."

"Kila mia, kila mia! Sioni kitu, Dada Loise."

Loise akamgeukia Bi Mwanakhamis. Mama huyu hakujua kusoma, lakini kazi yake ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba kualika watu harusini.

"Bi Mwanakhamis, ukialika wanawake 240, unapikia wangapi?"

"Kila kumi, wawili hawaji. Huyu mgonjwa, huyu amemnunia bibi harusi. Makumi ni ishirini na manne. Wawili wawili, arobaini na wanane hao. Napikia mia na tisini na wawili."

"Wawili katika kumi ndio ishirini katika mia," alisema Loise, akaandika:

240 ÷ 100 × 20 = 48
240 − 48 = 192

Mwanaesha akakodoa macho. "Mama, kumbe wajua asilimia!"

"Mimi? Mimi najua watu tu."

"Kwa jibu lako, Mwanaesha, wali wa watu ishirini na wanane ungebaki."

"Na mchele ulivyo adimu!" akaruka Bi Mwanakhamis. "Wangenisema hadi Ramadhani!"

"Basi kila swali, jiulize: walioalikwa wote ni wangapi? Hao ndio asilimia mia. Ukipata jibu, uliza tena: harusi kama hii yawezekana?"

Jumatatu ikafika. Swali la mwisho: "Wagonjwa 180 walipona. Hao ni asilimia 75 ya waliolazwa. Walilazwa wangapi?"

Mwanaesha akashika kalamu. Akatafuta asilimia 75 ya 180, akapata 135. Alitaka kuinuka aende zake. Kisha akajiuliza. Walioalikwa 135, waliokula 180? Harusi gani hiyo?

Akafuta. 180 si wote. 180 ndio asilimia 75. Akaandika: 180 ÷ 75 × 100 = 240.

Wiki tatu hakulala vizuri. Barua ilipokuja, aliisoma amesimama mlangoni. Amepokelewa.

Bi Mwanakhamis alipiga kigelegele, akavaa buibui.

"Wapi, Mama?"

"Kualika watu."

"Tupikie wangapi? Nitoe wawili katika kila kumi?"

"Usitoe hata mmoja. Hii watakuja wote, hata walionuna."