Kandambili Yenye Waya

Kwaa, kwaa! Ndivyo alivyosikia shoga yangu, fundi cherehani, kwenye ukungu, akifuata mgongo wa kilima kutoka kijijini kumfumania mumewe, mlinzi wa mnara kileleni. Wivu ulikuwa unamtafuna, chakula alibeba kama kisingizio tu. Mtu akampita akishuka, shoga hakumwona kwa ukungu, ila kandambili moja ilikwaruza kama yake iliyofungwa waya.

"Pita tu, mwizi wa waume, nitakurudia!" shoga akamfokea.

Kufika juu, mume yuko peke yake, ameshiba.

"Mama watoto, umesahau nini tena? Si umeshuka sasa hivi?"

Tangu siku hiyo shoga hajapanda tena. Lakini jana mumewe kamwambia, "Siku hizi ukija kule unacheka vizuri."

Jamani, kwa hofu hata kumnyonyesha mwanangu nimeshindwa! Nimekwambia wewe tu, simwambii mwingine.